Droni zinazoshusha mizigo gerezani: tuanze na rada au madirisha?

Zamu_ya_Usiku
Wakuu, habari zenu. Jengo ni la ghorofa tatu, viwanja viwili vya mazoezi havina paa. Droni huja usiku: nyingine huangusha kifurushi uwanjani, nyingine hukining'iniza kwa uzi wa kuvulia samaki mpaka dirishani. Wauzaji wanasisitiza rada na mtambo wa kuvuruga mawimbi. Fedha zinatosha kitu kimoja kikubwa. Kipi kitangulie?

Fundi_Masafa
Mkuu, piga hesabu ya muda kwanza. Droni ikienda mita 15 kwa sekunde, na ukaigundua ikiwa kilomita 1 mbali, zimebaki sekunde 67 hivi ifike juu ya paa. Askari akihitaji dakika tatu kufika uwanjani, mtambo wako utakuwa unaweka kumbukumbu tu.

Kitambuzi cha redio husikiliza mawasiliano ya droni na mrushaji wake, hasa kwenye masafa ya gigahezi 2.4 na 5.8, na vingine huonyesha hata aliposimama mrushaji. Lakini droni iliyopangiwa njia mapema inaweza kuruka bila kuwasiliana na mtu, na hapo kitambuzi hakisikii kitu. Rada huiona hata hiyo, ila ndege wa kawaida huichanganya, na ukiifunga chini ya kimo cha ukuta itaona ukuta. Vipaza sauti vya kunasa mlio wa droni hufika mita mia chache tu, na upepo au jenereta huvimeza.

Kuvuruga mawimbi ni marufuku nchi nyingi bila kibali maalumu, na ni haki: unaweza kuzima redio za askari wako mwenyewe. Isitoshe, droni iliyokatiwa mawasiliano hufanya ilichopangiwa, yaani kurudi ilikotoka, kuelea au kutua. Inaweza kutua katikati ya wafungwa.

Karakana_Chuma
Madirisha yatangulie. Weka bati la chuma lenye matundu *nje* ya nondo. Likifungwa ndani, mfungwa ana usiku kucha wa kulichokonoa. Matundu yawe madogo kuliko kidole, na bati lilehemiwe au lifungwe kwa skrubu zisizofunguka. Kinachoharibu kazi hii ni joto: matundu hupunguza hewa, na pasipo njia nyingine ya hewa vioo vitavunjwa. Kioo kilichovunjika kizibwe siku hiyo hiyo.

Nyavu za viwanjani zinafaa, ila jicho la sentimita 10 hupitisha simu ndogo, na jicho dogo sana hushika upepo na majani mpaka nguzo zipinde, kwa hiyo mhandisi akadirie uzito wa upepo kabla ya kuchimba msingi. Wavu ukipita karibu na dirisha la juu, kifurushi kilichonasa kitavutwa kwa fimbo ya fagio. Kagua kila asubuhi kabla milango haijafunguliwa.

Zamu_ya_Usiku
Nimeelewa. Na droni ikianguka ndani?

Ushahidi_Kwanza
Usiiwashe wala kuizima kwa pupa. Piga picha ilipo, vaa glavu, epuka panga zake zinazozunguka. Betri iliyovimba au kutoboka inaweza kulipuka moto, iweke nje kwenye ndoo ya chuma yenye mchanga. Iliyobaki ifungwe kwenye mfuko unaozuia mawimbi, isije ikafutwa kwa mbali. Kadi ya kumbukumbu aitoe mtaalamu, kwa sababu mara nyingi hubeba mahali iliporukia. Alama za vidole hukaa upande wa gundi wa utepe uliofunga mzigo na kwenye betri, na hapo ndipo mikono isiyo na glavu huharibu kesi.

Doria ya nje nayo ina nguvu sheria ikiwapo. Uingereza, tangu tarehe 25 Januari 2024, ni kosa kurusha droni bila kibali ndani ya mita 400 za magereza yasiyo ya wazi ya England na Wales, hivyo polisi hawahitaji kusubiri mzigo udondoke. Zunguka eneo hilo mchana, uweke alama kila sehemu yenye uwazi, maficho na nafasi ya gari, kisha doria ya usiku ipite hapo kwa saa zisizotabirika.