Amiga 1200: kadi ya 030, au RAM peke yake inatosha?

pini150

Wakuu, habari. Kuna A1200 (kompyuta ya Amiga 1200) ambayo haijaguswa: prosesa ya 68EC020 ya MHz 14, Chip RAM (kumbukumbu inayotumiwa pamoja na chipu za picha na sauti) MB 2, Kickstart 3.1 (programu ya msingi iliyo kwenye ROM), na kadi ya CF ya GB 4 badala ya diski. Nataka kuiongezea kasi kupitia sloti ya chini. Nimebaki na machaguo matatu: kadi ya RAM MB 8 isiyo na prosesa, kadi ya prosesa ya 68030 (030) ya MHz 50 yenye MB 64, au niruke hadi 68060 (060). Kazi yake ni michezo ya WHDLoad (programu ya kuendesha michezo ya floppy kutoka kwenye diski), Workbench (mazingira ya madirisha ya Amiga) na kuandika programu kidogo. Sloti ya pembeni ya PCMCIA ninaitegemea kuhamishia mafaili. Nichukue ipi, na niangalie nini kabla ya kuichomeka? Pawasaplai ni ile nyepesi iliyokuja na mashine.

mlango_wa_chini

Mkuu, acha MHz kwanza, tuzungumze kumbukumbu. Kwenye A1200 tupu prosesa haina RAM ya peke yake. Kila ikitaka kusoma Chip RAM inapanga foleni na chipu za picha na sauti, nazo ndizo zinazopewa kipaumbele. Ndiyo maana ukiweka Fast RAM (RAM ya prosesa peke yake) tu, bila kugusa prosesa, mashine inakimbia karibu mara mbili.

Sasa tatizo la ile kadi ya MB 8. 68EC020 ina njia 24 za anwani, kwa hiyo inaona MB 16 basi. Nafasi iliyotengwa kwa RAM ya ziada inaanzia $200000 hadi $9FFFFF, yaani MB 8 kamili. Lakini kuanzia $600000 PCMCIA nayo inadai nafasi hiyo hiyo. Ukiwasha MB 8 zote, PCMCIA inapotea. Kadi nyingi zina jampa (kiunganishi kidogo cha kubadilisha mpangilio) ya kuipunguza hadi MB 4, na hapo amani inarudi. Kwa matumizi yako, basi, unanunua MB 4 kwa jina la MB 8.

Kadi ya 030 haina ugomvi huo. Prosesa inatumia anwani za biti 32 na RAM yake inakaa nje ya hizo MB 16 za kwanza, PCMCIA haiguswi. Na kwa kuwa IDE (njia ya diski) ya A1200 haina DMA (uwezo wa kuhamisha data bila prosesa), prosesa ndiyo inayobeba kila baiti kutoka kwenye CF. Ukiongeza kasi ya prosesa, na diski inapata nafuu bila kubadilisha kitu kingine.

Kwa WHDLoad, MB 64 ni zaidi ya kutosha. Washa PRELOAD ili mchezo wote uingie kwenye RAM kabla ya kuanza. RAM ikiwa ndogo, WHDLoad inalazimika kurudi kwenye diski katikati ya mchezo, na utaiona skrini ikikatika kila mara. Usisahau kuweka nakala za Kickstart kwenye DEVS:Kickstarts, kwa sababu michezo mingi ya A500 (Amiga ya zamani zaidi) inazidai.

060 kwa kazi ulizotaja ni kulipia kitu usichokitumia. Pia inataka maktaba zake: SetPatch ya 3.1 (amri ya kurekebisha mfumo wakati wa kuwasha) inaita 68040.library, kwa hiyo kadi za 060 huja na faili la jina hilo ambalo kazi yake ni kuiita 68060.library. Ukiwasha diski isiyo na mafaili hayo kwenye LIBS:, usishangae mashine ikianguka njiani.

bati_la_joto

Naongezea hapo kwenye 030: soma maandishi juu ya chipu yenyewe, usisome tangazo. MC68030 ina MMU (sehemu inayosimamia anwani za kumbukumbu), MC68EC030 haina. Tofauti utaiona kwenye amri ya CPU FASTROM, ambayo inanakili Kickstart (KB 512) kutoka kwenye ROM hadi Fast RAM na kuifanya Workbench iwe nyepesi mkononi. Amri hiyo inahitaji MMU. Kwa mtu anayeandika programu, Enforcer (programu inayonasa matumizi haramu ya kumbukumbu) nayo haifanyi kazi bila MMU, na bila Enforcer utakuwa unawinda makosa ya kumbukumbu gizani. Kuna chipu zilizofutwa maandishi na kuandikwa upya, kwa hiyo ukiipata kadi, ijaribu siku hiyo hiyo.

FPU (68882) usiifukuzie kwa ajili ya michezo. Ni ya kuchora picha za 3D na hesabu za desimali.

Kama kadi ina betri ya saa ya aina ya pipa, ing'oe kabla ya kitu kingine chochote. Majimaji yake ya alkali yanakula njia za shaba, na kadi nyingi nzuri zimekufa kwa betri wala si kwa prosesa.

volti_tano

Nyote mmeruka pawasaplai. Hiyo nyepesi imeandikwa A 3 (ampea 3) kwenye volti 5. Mashine tupu inaridhika nayo. Weka 030, RAM na CF, na huenda ikawaka, ikakaa dakika kumi, kisha ikaganda, halafu kila mtu atailaumu kadi. Ile nzito ya A500, yenye A 4.5 kwenye volti 5, ina plagi ile ile na inaingia bila marekebisho. Ila na yenyewe ina umri. Kapasita zake zinaweza kuwa zimekauka.

Pima hivi: fungua kasha, washa mashine ikiwa na kadi ndani na Workbench ikiwa juu, kisha weka mita kwenye plagi ya umeme ya floppy, waya mwekundu kwa mweusi. Kupima kwenye plagi ya pawasaplai ikiwa haijabeba mzigo hakukuambii kitu. Mpaka wa chini ni volti 4.75. Ukiona 4.9 hadi 5.1, tulia.

Ukiwa umefungua, nusa na uangalie kapasita za upande wa sauti. Solda iliyofifia na kupoteza mng'ao, au harufu ya samaki, maana yake zimeanza kuvuja. Hizo zibadilishwe kwanza, kadi isubiri.

pini150

Nimepata 030 yenye MMU, MB 64. Kapasita ni safi. Nimeiingiza kwa kupitia kifuniko cha chini: skrini inageuka manjano na kubaki hapo. Nikiichomoa, mashine inawaka kama kawaida. Volti kwenye floppy, ikiwa na kadi, ni 4.68.

mlango_wa_chini

Rangi hizo ni lugha ya Kickstart. Nyekundu ni ROM, kijani ni Chip RAM, bluu ni chipu maalumu, manjano ni prosesa kukumbana na kosa kabla mfumo haujawa tayari kulishughulikia. Bila kadi inawaka, kwa hiyo madabodi ni nzima. Watuhumiwa ni wawili: umeme, na mguso wa pini.

Umeme umeshakiri mwenyewe, 4.68 haifai. Badilisha pawasaplai kwanza.

Kisha mguso. Usiingize kadi kupitia kifuniko mara ya kwanza, huoni unachofanya. Zima, chomoa umeme, fungua kasha. Safisha ukingo wa madabodi, pande zote mbili, kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Usitumie msasa, tabaka la juu ni jembamba mno. Soketi ya kadi isafishe kwa brashi laini na spiriti hiyo hiyo, uache ikauke. Halafu ingiza kadi ikiwa imelala sawasawa, mkono mmoja ukizuia madabodi kutoka upande wa pili ili isipinde. Inahitaji nguvu kuliko unavyodhani. Soketi ina pini 150 na zote zinabana. Ikikaa vizuri, pengo kati ya soketi na ukingo ni sawa kushoto na kulia. Upande mmoja ukiwa wazi zaidi, hata kwa milimita moja, umepata manjano yako.

volti_tano

Ukimaliza hayo yote na bado inaganda ovyo, angalia toleo la madabodi. Baadhi ya 1D.4 na 2B zina kapasita mbili ndogo, E123C na E125C, zinazochelewesha mawimbi ya saa, na kuna kadi zisizozipenda. Hutolewa kwa chuma cha solda. Lakini usianze huko. Hiyo ni hatua ya mwisho, na ukiwa umeshaiona namba ya toleo kwa macho yako.

pini150

Pawasaplai nzito: 5.02 ikiwa na mzigo. Pengo la soketi lilikuwa upande wa kushoto, nimesukuma tena. Inawaka. Amri ya Avail inaonyesha Fast MB 64, amri ya CPU inasema 68030, FASTROM imekubali. Mambo mawili yamebaki: programu moja ya kuchora inaanguka kwa kosa namba 8000000B kila nikiifungua, na mchezo mmoja wa floppy unaganda kwenye skrini ya jina lake.

bati_la_joto

8000000B ni amri ya FPU iliyofika kwa prosesa isiyo na FPU. Hiyo programu ina toleo jingine lisilotumia FPU. Kwenye kifurushi tafuta faili lenye 020 au 000 kwenye jina, bila 881 wala 882 (namba za chipu za FPU).

Mchezo: shikilia vitufe vyote viwili vya maus wakati wa kuwasha, kwenye menyu inayotokea zima kache (kumbukumbu ndogo za ndani) za prosesa, kisha uwashe kutoka floppy. Michezo ya zamani hubadilisha msimbo wake yenyewe ikiwa inakimbia, na 030 inaendelea kusoma amri za zamani zilizobaki kwenye kache yake ya baiti 256. Kama bado unaganda, tafuta toleo lake la WHDLoad, hilo linashughulikia kache lenyewe.