Tupeane uzoefu: Mlioanza mazoezi kwa kutembea tu, mlianzaje na mwili ulibadilika vipi?

Mleta mada

Wakuu, habari za muda huu.

Kila wiki kuna mtu anauliza namna ya kupunguza mwili, na majibu ni yale yale: chai ya kukata tumbo, mkanda wa kubana, vidonge, gym ya kulipia kwa mwezi. Kutembea kunatajwa harakaharaka kisha watu wanahamia kwenye dawa. Mimi nasema hivi: kwa mtu aliyekaa miaka bila mazoezi, kilo nyingi, magoti mazito, presha imeanza kupanda, hakuna pa kuanzia penye usalama kuliko kutembea. Uzi huu ni wa waliotembea kweli. Tuambieni mlianzaje, nini kiliuma, nini kilibadilika. Wauza dawa naomba mtupishe.

Naanza mimi. Kazi yangu ni ya kukaa, ofisi iko Posta, nyumbani Mbezi. Asubuhi nakaa kwenye gari, mchana mbele ya kompyuta, jioni nakaa tena kwenye foleni. Ngazi za kupanda ghorofa ya pili zilikuwa zinanihemesha mpaka nasikia moyo ukidunda masikioni. Kuamka alfajiri kukimbia kusingewezekana, na magoti yasingekubali. Nikaanza kushuka Kwa Msuguri badala ya kufika Mbezi Mwisho, namalizia kwa miguu. Mwili ulipozoea nikawa nashukia Temboni, nyuma zaidi. Raba nabeba kwenye begi, nabadilisha palepale kituoni, viatu vya ofisi vinaingia kwenye mfuko.

Mwendo wangu ni ule ambao naweza kuongea na mtu lakini siwezi kuimba. Ukiona unaimba vizuri, ongeza. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa namna hiyo kwa wiki, maana yake nusu saa kwa siku tano imekutosha kuanzia. Na si lazima uzimalize kwa mkupuo, kumi asubuhi na ishirini jioni zinahesabika.

Kwangu kilichokuja kwanza ni usingizi. Nikaja kugundua ngazi zimekuwa nyepesi, halafu suruali zikaanza kuhitaji mkanda. Mzani ulichelewa sana, na ulianza kusogea nilipopunguza sukari kwenye chai na kula usiku mapema. Karibuni.

Mama Kitunda

Asante mleta mada. Mimi niongee kwa niaba ya wanawake wanene, maana yetu ni tofauti kidogo.

Ukiwa mnene, kinachokuzuia kwanza ni macho ya watu. Unatoka getini na raba zako, vijana wa bodaboda pale kijiweni wanaanza: "Mama, utaweza kweli?" Nilirudi ndani zaidi ya mara moja, nimekasirika. Kilichonisaidia ni jirani yangu, naye ana mwili kama wangu. Tukakubaliana kila mmoja ampigie mwenzake hodi saa kumi na mbili kasoro. Ukisikia mtu anagonga mlango huwezi kusingizia usingizi. Na wale vijana, wakituona wawili tunapiga stori zetu, walinyamaza. Siku hizi wanatusalimia.

La pili hakuna anayeliandika: mapaja kusuguana. Wiki ya kwanza nilichubuka mpaka nikashindwa kuoga maji ya moto. Dawa yake ni taiti inayofika karibu na goti, unaivaa ndani ya dera au sketi, na unapaka mafuta ya mgando kabla ya kutoka. Sidiria nayo iwe inayoshika vizuri, la sivyo mabega na mgongo vitauma utadhani ni kutembea kumekuumiza.

La tatu, ukianza kupungua jiandae kwa maneno. Kwetu mtu akikonda anaumwa. Shemeji yangu alipiga simu kwa mume wangu kwa siri kuuliza kama nimepima. Mama mkwe akaleta kuku wa kienyeji nitengenezewe supu. Niliwaketisha nikawaeleza kwamba presha yangu ilikuwa juu, na daktari ndiye aliyetaka nipungue. Tangu hapo mama mkwe ananiulizia: "Leo umetembea?" Dada zangu, waelezeni watu wa nyumbani mapema, maana maneno yao yanaweza kukurudisha kwenye sahani kuliko njaa yenyewe.

Kijana wa Ubungo

Nisiwafiche wakuu, kutembea pekee yake kunapunguza kidogo sana. Tuweke hesabu mezani. Mtu wa kilo 70 akitembea saa nzima kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa anatumia kalori kama 250. Chupa ya soda ya nusu lita ina kalori kama 200. Kwa hiyo ukitoka matembezini ukapitia dukani kwa Mangi kupoza koo na soda, jasho lako karibu lote umelirudisha kwa dakika tano. Chapati moja nene ya mafuta ni hivyohivyo.

Simkatishi mtu tamaa, nami natembea. Ila ambaye anatembea huku chipsi mayai ni kila usiku asije kusema kutembea ni uongo. Mimi nilibaki na ugali wangu, nikapunguza ukubwa wa tonge na kuongeza mboga za majani, soda nikaacha kabisa. Hapo ndipo mwili ulipoanza kushuka, tena polepole. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, anayekuahidi kumi kwa mwezi anakutafutia matatizo. Na mara mbili kwa wiki piga squat na push-up hata za ukutani, ili unachopoteza kiwe mafuta, misuli ibaki.

Mama Kitunda

Kijana wa Ubungo umesema kweli, ila usisahau kuna faida ambayo mzani hauioni. Presha yangu ilianza kushuka kabla hata sijapungua kilo mbili.

Msomaji mpya

Nafuatilia kwa karibu. Swali: hizi hatua elfu kumi zinazotajwa kwenye simu ni lazima? Mimi nafikisha elfu nne nachoka.

Mleta mada

Si lazima mkuu. Hiyo 10,000 chimbuko lake ni Japani, mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki za Tokyo. Kampuni moja ya huko ilitoa kifaa cha kuhesabu hatua, ikakipa jina lenye maana ya kipima hatua elfu kumi. Ilikuwa namba ya kuuzia bidhaa, haikutoka hospitali. Mwaka 2019 ulitoka utafiti wa Marekani kwa wanawake wazee: waliofikisha kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko wale wa 2,700, na faida ikaendelea kupanda mpaka kwenye 7,500 hivi, ikatulia. Kwa hiyo elfu nne yako si ya kudharau. Wiki ijayo ongeza mia tano, mwili ukizoea ongeza tena.

Mstaafu wa Tanga

Hamjambo vijana. Nimesoma yote, nami nichangie.

Mimi nina kisukari cha muda mrefu. Daktari wangu alinielekeza nitembee baada ya kula. Misuli inapofanya kazi inachukua sukari iliyo kwenye damu, kwa hiyo ile inayopanda baada ya sahani ya wali haipandi sana. Basi nikishakula cha mchana natulia kidogo, kisha natembea dakika kumi na tano mpaka ishirini, polepole, chini ya miti ya mtaani. Jioni jua likipungua naelekea Raskazone, upepo wa bahari unasaidia. Nina mashine ndogo ya kupimia nyumbani, na tofauti ya siku niliyotembea na siku niliyolala baada ya chakula naiona kwa macho yangu.

Wenye kisukari, tunzeni miguu. Ganzi inafanya usisikie jiwe ndani ya kiatu. Mimi navaa soksi nyeupe za pamba, damu au majimaji yakitoka nayaona mara moja. Nikirudi nakaa kibarazani, navua soksi, naweka kioo cha kunyolea ndevu sakafuni na kupitisha wayo juu yake, kisigino mpaka katikati ya vidole. Nikiona lengelenge, siku hiyo na inayofuata sitembei, na nikiona kidonda naenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Ndala kwa matembezi marefu hapana, peku kabisa hapana. Na anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asitoke bila pipi mfukoni. Ukihisi kutetemeka na jasho la baridi, kaa chini, tafuna.

Kijana wa Ubungo

Shikamoo mzee wetu. Hiyo ya kioo naipeleka kwa baba leo.

Mkazi wa Nairobi

Hamjambo watu wangu. Mimi nataka kuongeza upande ambao haujaguswa. Hapa Nairobi watu wengi hutembea kila siku, na si kwa mazoezi. Asubuhi ukisimama njia ya kutoka Kibra kuelekea Industrial Area utaona umati, kwa sababu nauli ya matatu haipo. Nimelelewa na mama aliyetembea hivyo miaka mingi. Nilipomwambia nataka kutembea ili nipunguze uzito, alinyamaza, kisha akaniuliza kama nina shida ya pesa. Kwa kizazi chake kutembea ni dhiki, na gari ndilo maendeleo. Nadhani ndiyo maana wengi wetu tukipata kazi nzuri kitu cha kwanza tunachoacha ni miguu. Sikumlaumu. Nilimchukua Jumapili moja tukaenda msitu wa Karura, tukatembea chini ya miti bila mzigo na bila kukimbizana na saa. Sasa yeye ndiye ananikumbusha Jumapili ikifika.

Kilichoniumiza mimi ni kisigino. Nilinunua raba za mitumba soko la Gikomba, juu zinang'aa, kumbe soli ya ndani imekufa. Baada ya muda, kila asubuhi nikikanyaga sakafu kutoka kitandani kisigino kinachoma kama msumari, nikitembea kidogo kinapoa. Mwenye ujuzi anisaidie.

Muuguzi wa zamu

Mkazi wa Nairobi, hayo maelezo yanafanana sana na kuvimba kwa utando mpana, mgumu, unaoshika wayo kutoka kisigino hadi vidoleni. Usiache kabisa, punguza muda. Kabla hujashuka kitandani vuta vidole vya mguu kuja kwako, hesabu mpaka thelathini, rudia mara kadhaa. Simama ukisukuma ukuta, mguu mmoja nyuma umenyooka, kisigino chini, mpaka usikie msuli wa shavu la mguu unavutika. Jioni gandisha maji kwenye chupa ya plastiki, ifunge kitambaa, isukumesukume chini ya wayo. Peku kwenye sakafu ngumu acha kwa sasa. Na kwenye mitumba, kabla ya kulipa kunja kiatu: kikijikunja katikati kama kitabu, kirudishe. Kinatakiwa kipinde pale vidole vinapoanzia. Ikipita miezi bila nafuu, muone daktari.

Kwa wote: kifua kubana wakati unatembea, maumivu yanayopanda kwenye taya au mkono, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, simama na uende hospitali. Mwenye presha ya juu sana au ugonjwa wa moyo aongee na daktari wake kabla ya kuanza.

Wa Maskati

Asalaam aleikum jamaa. Mie niko Maskati, Oman, na huku adui ni joto. Kiangazi linapita nyuzi 40 mchana, na usiku bado kuna fukuto. Wenye kutembea hapa hutoka baada ya sala ya alfajiri au baada ya Isha, wengine huingia ndani ya maduka makubwa yenye viyoyozi wakazunguka humo na raba zao, na hakuna anayewashangaa. Ikifika Novemba mambo hubadilika, ndipo kornishi ya Matrah, ile njia ya kandokando ya bahari, hujaa familia nzima, bibi kwa mjukuu.

Ramadhani mie hutembea baada ya tarawehe, nikishakunywa maji ya kutosha. Kabla ya futari nilijaribu, kichwa kikaniuma. Mwezi ule watu wengi huongezeka uzito kwa vyakula vya kukaanga na vitamu, basi angalau matembezi hayo yananishikilia pale nilipo.

Mama wa mchanga

Poleni kwa kuchelewa kuingia. Nimejifungua kwa upasuaji, mtoto bado mdogo, na mwili umeongezeka sana. Naogopa mshono. Naruhusiwa kutembea au nisubiri?

Muuguzi wa zamu

Hongera sana dada. Kutembea taratibu ndani na uani kunaanza mapema, hata wodini walikuinua kwa sababu kunasaidia damu isigande miguuni. Kwa sasa zunguka nyumba dakika chache, pumzika, rudia baadaye. Mwendo wa haraka na milima subiri mpaka ukapimwe kliniki baada ya wiki sita hivi, waangalie mshono na presha. Usibebe kitu kizito kuliko mtoto. Ukiona damu inaongezeka baada ya kutembea, mshono unatoa majimaji, au mguu mmoja umevimba na kuuma, rudi hospitali siku hiyohiyo. Na kama unanyonyesha usijinyime chakula ili upungue haraka, kula ushibe na kunywa maji. Leo anza na kutoka chumbani mpaka getini.