Mlimpa mdogo wangu prednisoloni, mbona hamkumwambia namna ya kuiacha?

Assalaam alaykum. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mdogo wangu, mkaazi wa Wete, aligundulika ana lupasi, maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, akapewa prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, miligramu 40 kwa siku. Juu ya bahasha ya dawa paliandikwa kwa kalamu "8×1", yaani vidonge vinane mara moja kwa siku, basi, hapana neno jengine.

Sina ugomvi na dawa yenyewe. Vidole vyake vilikuwa vimevimba hata kifungo cha nguo hawezi kukifunga, na wiki haikuisha vikatulia, nami nikamshukuru Mungu, kwani steroidi huituliza kinga iliyopotoka upesi kuliko dawa nyengine nyingi za maradhi haya. Ugomvi wangu ni kwamba hakuna aliyemweleza kuwa tezi mbili zilizo juu ya figo, ambazo ndizo zinazotengeneza kotisoli, steroidi ya mwili wenyewe, zikizoea kuipata kwenye kidonge kwa wiki nyingi hulala, na kuamka kwake huchukua muda, ndiyo maana dozi hupunguzwa kidogo kidogo wala haikatwi ghafla.

Baada ya miezi miwili vidonge vikaisha. Dukani akaambiwa asubiri, vinakuja kutoka Unguja, naye akasubiri kwa utulivu, kwa sababu uso ulikuwa umemjaa na majirani wakimsifu kuwa amenawiri, akajiona kapona. Kumbe kule kujaa uso ni athari ya dawa! Siku ya nne tulimkuta ameanguka mlangoni mwa choo, anatapika, jasho jembamba linamtoka, na presha ilipopimwa ilikuwa chini mno.

Hospitalini tuliulizwa kwa ukali nani aliyemwambia aache dawa. Hakuna aliyemwambia aache, na hakuna aliyemwambia asiache. Kwa miezi miwili hakupimwa sukari hata mara moja, ilhali dawa hii huipandisha, wala hakuonywa kuhusu mifupa, macho au homa.

Nyinyi mnaotoa dawa hii, dakika tano za kumweleza mgonjwa zinawashinda nini? Sasa amerudishiwa dozi na anaanza kuipunguza, na ratiba yake nimeiandika mwenyewe, daktari akinisomea, nyuma ya bahasha ile ile.