Naenda misheni Madagaska Julai lakini mzee hataki kusikia, nisaidieni

MtotoWaMuyeye:
Hamjambo wadau, mie ni binti wa Malindi huku Muyeye. Kanisa letu limealikwa na kanisa moja la Antsirabe kule Madagaska, tunaenda Julai mpaka katikati ya Agosti, kazi ni kufundisha watoto Biblia na nyimbo halafu kusaidia kupiga plasta darasa. Nimeomba sana na moyo uko tayari. Ila sijawahi kutoka Kenya, hata Tanga sijafika, sijui nianzie wapi. Na kinachoninyima usingizi ni babangu. Tangu ile 2023 ya Shakahola, kule msituni mhubiri alikowaambia wafuasi wake wafunge mpaka kufa, baba akisikia tu mchungaji anapeleka vijana mahali anainuka anatoka nje. Na simlaumu, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa kule msituni na mochari yetu hapa ndiyo ikajaa, sote tuliona. Nitamwambiaje jamani?

MamaBaraka_Barani:
Mwanangu usimwambie babako "Mungu ameniita" ukaishia hapo, manake hata wale waliopotea waliambiwa hivyo hivyo. Mpe karatasi ashike. Barua ya mwaliko ya kanisa la huko, jina na simu ya mwenyeji, mnalala wapi, tiketi ya kwenda NA kurudi, pesa za harambee zimeingia akaunti gani na nani anasaini. Fomu ya viza muandike kazi mnayoenda kufanya, msiseme utalii. Paspoti ukae nayo mwenyewe, kiongozi akitaka kukusanya za wote azifungie mpaka safari iishe kataa. Simu usinyang'anywe, na mtu asikulazimishe kufunga. Mchungaji wa kweli hakasiriki kuulizwa haya, mwite nyumbani akae na mzee wanywe chai aulizwe yeye mwenyewe. Akikwepa usiende, na mie nasema hivi nikiwa mama wa kanisa.

Nahodha_Shela:
Mimi Muislamu lakini huko nimefika kwa kazi ya meli, nakupa ya safari, ya kanisa wenzangu watakwambia. Dadangu Julai kule ni kipupwe, na Antsirabe iko juu kama mita 1,500, usiku baridi inakata mifupa, sisi watu wa leso na feni tunaumia. Beba sweta nzito, soksi na blanketi jepesi. Chanjo ya homa ya manjano ni lazima sababu unatokea Kenya, kadi wataiuliza, na inahesabika siku 10 baada ya kuchoma kwa hiyo usingoje wiki ya kuondoka. Ukichoma ni ya maisha, mambo ya kurudia kila miaka 10 yaliisha 2016. Muone daktari akupe dawa ya kuzuia malaria pia, usijiambie mie wa pwani nimeizoea, hasa kama timu itashuka upande wa bahari. Na msiogelee mitoni wala ziwani, kichocho kipo.

Mwalimu_Ngala:
Nahodha amemaliza ya mwili, mimi nina moja. Usiende ukidhani unawapelekea Injili watu wasioijua. Wamishenari wa kutoka Wales walifika kule 1818, Biblia nzima ya Kimalagasi ikachapwa 1835, mwaka huohuo Malkia Ranavalona wa Kwanza akapiga marufuku Ukristo, na 1849 waumini wakatupwa kutoka jabalini pale Antananarivo. Wamishenari walishaondoka, waumini wakazidi kuongezeka! Mnaenda kwa wakubwa zenu, kwa hiyo waulizeni wanataka nini kabla hamjapanga ratiba, pengine hawahitaji plasta wanahitaji mtu wa kukaa na watoto. Tena Julai mpaka Septemba ndio msimu wa famadihana, wanatoa wafu makaburini wanawavika sanda mpya na ngoma zinapigwa. Mkikutana nayo msianze kukemea mapepo wala kupiga picha, Wakristo wa huko wana msimamo wao tofauti tofauti juu ya hiyo, wasikilizeni. Jifunze salamu na misaotra ya kushukuru, na Kifaransa kidogo.

MtotoWaMuyeye:
Asanteni sana, mungu awabariki nyote. Mchungaji amekubali kuja Jumapili baada ya ibada na amesema atabeba ile barua na hesabu za harambee. Baba hajasema ndio, amesema tu "aje". Sasa hizo sweta nzito hapa Malindi napata wapi?

MamaBaraka_Barani:
Mitumbani, wahi asubuhi wanapofungua mzigo, majaketi huku kwetu hayagombaniwi utapata kwa bei ya kutupa. Na hiyo barua toa kopi mbili mwanangu, moja ibaki kwa mzee.