"Lipia siti zilizobaki"?! Huyu konda wa Mwandiga ana nini?

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka. Niko ndani ya Hiace hapa Mwandiga, Kigoma, naenda Kalinzi. Konda mnamjua, sina haja ya kumtaja. Nimefika nakuta gari limejaa, ananivuta mkono: "Mama wahi, bado wewe tu!" Kukaa tu, ndoo ya migebuka mapajani, wakashuka watu wanne kwa mpigo. Wapigadebe! Walikaa kutuzuga.

Nikauliza tunaondoka saa ngapi. Akanijibu mbele ya watu wazima: "Kama una haraka, lipia siti zilizobaki tuondoke." Mimi! Nilipie siti nne nikalie ipi? Barafu imeyeyuka, maji ya samaki yanachuruzikia viatu vya mzee wa watu hapa pembeni. Kuna mtoto kapanda ananyonya, atashuka na ndevu. Lipia siti zilizobaki!

Najua dereva ana hesabu ya tajiri na mafuta. Lakini wekeni muda. Nusu saa ikiisha toka, wa nyuma kwenye foleni naye apakie. Bitale na Mkongoro watu wamesimama barabarani, tukitoka tumejaa tunawapita hivi hivi. Hizo siti ni zao! Eti nilipie mimi.

Mjukuu wa Bitale: Mama umesema kweli. Sisi wa katikati tunapungiwa mkono tu, gari limebana mpaka mlangoni.

Suka Mstaafu: Acheni kelele. Nikitoka na siti nne tupu na Bitale nisikute mtu, hiyo hasara unanirudishia wewe?

Mleta uzi: Kwa hiyo hasara yako nibebe mimi na samaki wangu? Na ndiyo unitukane?

Kijana wa Gungu: Mama shuka bwana, hao migebuka wanawatesa wenzio 😂

Mvuvi Kibirizi: Gari lina nafuu. Maboti ya Kagunga nayo yanangoja yajae, unakaa juani ziwani, na hapo hakuna pa kushuka.

Kijana wa Gungu: Bora hayo yanangoja. Bajaji za Mwanga zinaondoka hazijajaa, halafu njiani anapakia wa nne, unakalia chuma.

Dada wa Ujiji: Wa nne? Mimi juzi tulikuwa watano, na mmoja ana godoro.

Mvuvi Kibirizi: Godoro la futi ngapi?