MJADALA: Kila habari sasa ni "TAZAMA VIDEO". Maandishi yamekwenda wapi?

Mleta mada (Tanga)

Wakuu, salaam. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanatoa bei kikomo za mafuta, na bei zinatofautiana kulingana na bandari yaliposhushwa: Dar es Salaam, Tanga au Mtwara. Mimi naendesha fuso la tajiri. Ninachotaka ni kitu kimoja tu: dizeli, Tanga, leo.

Nikafungua tovuti moja ya habari, jina nalihifadhi. Kichwa: "TAZAMA: BEI MPYA ZA MAFUTA, DIZELI YASHANGAZA". Chini yake sentensi mbili zinazorudia kichwa kilekile, halafu video ya dakika nane. Muziki. Nembo inazunguka. Mtangazaji ananikaribisha, ananikumbusha kubonyeza kengele. Dakika ya tano ndipo jedwali linatokea. Dar inasomwa kwa sauti. Tanga iko mstari wa pili, na kabla jicho halijafika, picha imesharudi kwa mtangazaji na tai yake. Narudisha nyuma, kiduara kinazunguka, bando linakwenda.

Sasa hoja yangu. Yule bwana alikuwa anasoma. Macho yanaonekana kabisa yakitembea kushoto kwenda kulia. Kuna mtu aliandika ile habari, akaichapa, akaihariri, kisha wakaificha karatasi na kutuletea mtu wa kutusomea. Karatasi ipo! Kwa nini isibandikwe chini ya video?

Na msiniambie ndiyo maendeleo. Wamarekani walishapita njia hii. Mwezi Juni 2016 Nicola Mendelsohn, mmoja wa wakubwa wa Facebook, alisema jijini London kwamba baada ya miaka mitano Facebook huenda ikawa video tupu. Vyombo vikakimbilia huko: 2017 Fox Sports, MTV News, Vice na Mic wakapunguza waandishi ili waweke nguvu kwenye video. Kumbe Septemba 2016 Facebook walishakiri kwamba wastani wa muda wa watu kutazama video ulikuwa umekuzwa, kwa sababu waliotazama chini ya sekunde tatu hawakuingizwa kwenye hesabu. Watangazaji wa biashara wakaenda mahakamani, na 2019 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 40 kumaliza kesi, bila kukiri kosa. Mic ilishawaachisha kazi karibu wafanyakazi wote Novemba 2018. Sisi tunaingia kwa miguu yote miwili mahali ambapo wenzetu wametoka wakichechemea.

Karibuni. Matusi hapana.

Jibu la 1

Nunua bando mkuu, acha kulia.

Jibu la 2 (mwandishi wa habari, Dar)

Kaka, mimi nimo ndani ya chumba cha habari, ngoja nikwambie usichokiona.

Nikiandika habari nzuri saa mbili asubuhi, saa mbili na nusu imeshanakiliwa neno kwa neno kwenye blogu na magrupu ya WhatsApp. Jina langu wamelifuta, jina la gazeti wamelifuta, wameacha mpaka makosa yangu ya herufi. Tangazo lililokuwa lilipwe kwa wewe kufungua ukurasa, halikulipwa. Video angalau ina nembo, na anayeiiba YouTube wanaweza kumshusha. Mkitaka maandishi, semeni pia nani atayalipia. Gazeti la karatasi mlikuwa mnanunua. Mtandaoni tukiweka malipo mnatuita wezi.

Halafu hiyo karatasi unayoisema, mara nyingi haipo. Kijana anatumwa na kamera na kinasa sauti, anarudi na mahojiano ya dakika ishirini, anatakiwa kuyapandisha kabla wenzake hawajapandisha. Wa kuandika nani? Mhariri wa maandishi alipunguzwa zamani. Huyo uliyemwona kwenye bei za mafuta alikuwa anasoma, sawa, lakini usidhani kila mmoja ana karatasi mbele yake.

Jibu la 3 (mama lishe, Mbagala)

Wanangu, mnaongea kama watu wote wameketi ofisini. Mimi toka alfajiri mikono ina unga. Simu naiegemeza kwenye ndoo ya mchele, nasikiliza taarifa huku nasukuma chapati, mteja akija nasitisha. Hiyo habari ndefu yenu ningeisoma saa ngapi? Na mama yangu huko Lindi hajui kusoma, lakini ukimuuliza ya Bunge anakueleza vizuri kuliko nyie. Msije mkatuzimia video kwa ajili ya huyo baba wa fuso.

Jibu la 4

@Mama, shikamoo. Hakuna anayetaka kuzima. Ila mdogo wangu ni kiziwi. Zamani alikuwa anaingia tovuti za habari kama mtu yeyote, anasoma, jioni anabishana na sisi siasa mpaka tunamkimbia. Sasa anafungua anakuta mtu anachezesha midomo. Maneno yanayojiandika yenyewe chini ya video, kwa Kiswahili mara nyingi hayapo, na yakiwepo jina la waziri linakuwa jina la samaki. Mkalimani wa alama nimemwona kwenye taarifa za televisheni. Kwenye hizi klipu za mtandaoni, ni bahati.

Jibu la 5

Mnasahau haraka. Januari 2016 Nape Nnauye, akiwa waziri wa habari, alitangaza kwamba TBC, televisheni ya taifa, haitarusha tena moja kwa moja sehemu kubwa ya vikao vya Bunge. Nchi nzima tulipiga kelele: tunataka kuona! Leo mnaonyeshwa, mnataka kusoma.

Mimi natetea video kwa sababu moja. Mwanasiasa akiandikwa gazetini, kesho anasema "nilinukuliwa vibaya". Akiwa kwenye klipu, jasho linamtoka, hana pa kujificha.

Jibu la 6

Mleta mada, kwani tovuti ya EWURA huioni? Jedwali la bei lipo pale, la maandishi, bure.

Mleta mada

@6 nimeshaliona, na ndilo linaloniuma zaidi. EWURA wanatoa maandishi. Chombo cha habari kinayachukua, kinayageuza sinema ya dakika nane, kisha mimi nahangaika kuyatoa tena mle ndani.

@5 umenigusa, maana 2016 na mimi nilikuwa napiga kelele. Lakini Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za maandishi za Bunge, haikuzimwa. Leo nikitaka kujua mbunge wangu alisema nini kuhusu barabara yetu, naingia kwenye Hansard, natafuta jina la barabara, napata ukurasa. Kwenye video ya saa nne natafutia wapi? Klipu inakupa ushahidi wa sentensi moja, na sentensi hiyo ameichagua aliyeikata. Mara ngapi tumepelekeshwa na sekunde kumi na tano ambazo mwanzo wake na mwisho wake hatukuuona?

Mama, na mimi shikamoo. Endelea na video zako, sina ugomvi nazo.

@2 wewe ndiye umenipa kazi. La wizi wa habari sina jibu, na la fedha ni kweli tumezoea vya bure. Ila angalia CNN: mwaka 2017, kimbunga Irma kinaelekea Florida, hawakuwaambia watu watazame zaidi. Walitoa ukurasa wa maandishi matupu, usio na picha, ili ufunguke hata mtandao ukiwa dhaifu. Nao ni kituo cha televisheni! Sisi mafuriko yakija, mtu amekwama Rufiji na asilimia nne ya chaji, tunamtumia link ya video.

Kwa hiyo napunguza dai. Sihitaji makala ndefu. Mistari sita chini ya kila video: nani, nini, wapi, lini, tarakimu zote, na jina la aliyesema. Kijana wenu wa kamera anaweza kuiandika kwenye simu akiwa ndani ya daladala anarudi ofisini. Mwandishi, hilo nalo halilipiki?

Jibu la 2 (mwandishi wa habari, Dar)

Mistari sita naweza kuipigania kwenye kikao cha Jumatatu. Ya saba itakuwa "subscribe", hiyo bosi haachi.