Hatamu za kale za Uingereza: kishikizo chenye kitanzi au bamba la mikanda?

Mwalimu_Kale: Wakuu, habari za jioni. Natengeneza nakala ya hatamu ya farasi wa Uingereza ya kaskazini, karne ya 1, niwaonyeshe wanafunzi wangu. Nimekwama kwenye viungo vya mikanda. Kipo kishikizo cha bronzi chenye kichwa mbele, cha duara au mfano wa tone, na kitanzi nyuma. Lipo pia bamba pana ambalo mikanda hupitishwa kwa nyuma. Kipi bora?

FundiNgozi: Mkuu, mimi nashona ngozi. Chukua chenye kitanzi. Mkanda mmoja unashonewa kwenye kitanzi, wa pili unakatwa mpasuo, kichwa kinapenyezwa kisha kinalala. Hakina ulimi wa kuvunjika kama bizimu, na unakifungua hata gizani. Ila ogopa maji! Ngozi ikilowa hutanuka, kichwa kidogo kitachomoka chenyewe.

Mrima: Kwa uzuri, bamba halina mpinzani. Tazama ya Polden Hill, Somerset, yaliyoko British Museum: nakshi zimejazwa kioo chekundu. Na kaburi la Wetwang, Yorkshire, lililofukuliwa 2001! Mwanamke kazikwa na gari lake la farasi, na vifaa vya hatamu vimepambwa kwa marijani. Hiyo ni kabla Warumi hawajakanyaga kisiwa. Nikiitazama picha yake nasisimka kila mara.

Mdadisi: Samahani, hivyo vyenye kitanzi ni vya farasi kweli? Nimesoma kwamba vilifunga majoho.

Mrima: Hoja nzito, ndugu. Vingi vimeokotwa kimoja kimoja, bila mkanda wala nguo, ndiyo maana wataalamu hawajaafikiana. Lakini Middlebie, Uskoti, mwaka 1737, vilitoka kwenye kinamasi pamoja na lijamu na pete za kupitishia hatamu. Joho silikatai, ila pale farasi ndiye mwenye mali.

Mwalimu_Kale: Nimeshawishika. Chenye kitanzi nitakiweka shavuni, panapofunguliwa kila siku. Bamba litakaa mikanda inapopishana bila kufunguliwa. Kichwa kiwe na upana gani?

FundiNgozi: Anza na upana wa mkanda wenyewe. Mpasuo kata ngozi ikiwa kavu, uwe mfupi kidogo kuliko kichwa, halafu ilowanishe ngozi na uvute kwa nguvu. Kikishika hapo, mfungie farasi.